Kutoka Arubuni hadi Fahirisi: Historia ya Istilahi za Kuuza Bei ya Kesho, kwa Mifano kutoka Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kutaja biashara ambayo mali na malipo yake havikutani siku moja. Tunaanza na msamiati wa mwambao (arubuni, mali kauli, dalali), tunapita katika msamiati wa hukumu wa karne ya 20 (ulanguzi, butura, kangomba), kisha tunaingia katika istilahi za sasa za masoko ya mitaji, hasa mikataba ya baadaye ya fahirisi za hisa inayonunuliwa na kuuzwa ndani ya siku moja. Mifano ya sokoni imechukuliwa Karatu na Ngorongoro. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya biashara hii. Ugumu umo katika maneno kiliyonayo, kwa sababu karibu yote yameshabeba uamuzi kuhusu nani mwenye haki na nani mwenye hatia.

Utangulizi

Mkulima wa mbaazi wa Karatu hupanda mwanzoni mwa msimu wa mvua na huvuna miezi mingi baadaye. Katikati ya siku hizo mbili kuna ada ya shule, mbolea, dawa na pengine msiba. Mnunuzi anayejua hayo hufika mapema akiwa na fedha mkononi. Hali hii haina upekee: ndiyo iliyozaa masoko ya nafaka ya Chicago katika karne ya 19, na kabla ya hapo soko la mpunga la Dojima, Osaka, lililopata idhini ya serikali ya Japani mwaka 1730. Kinachotofautisha mahali na mahali ni jina ambalo jamii huupa mkataba huo, na jina hilo huamua kama mkataba utaandikwa au utafichwa.

Wataalamu wa istilahi tumezoea kuuliza swali la kwanza kuwa ni la upungufu: Kiswahili hakina neno la dhana fulani, je, tuunde, tutohoe au tutafsiri? Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa na BAKITA miaka ya 1970 vilifuata swali hilo, na kwa taaluma nyingi lilifaa. Kwa biashara halifai sana. Kiswahili ni lugha iliyokulia gatini, baina ya mfadhili wa Kihindi, mwenye shamba wa Kiarabu, mpagazi wa Kinyamwezi na mvuvi wa Kibajuni. Maneno soko, bei, faida, hasara, hisa, rehani, dhamana, mnada na dalali yote yametoka katika Kiarabu na yalikuwa yamekwishatulia kabla ya kuwapo chombo chochote cha usanifishaji.

Nani anatangulia: mali au fedha?

Njia nyepesi ya kuipanga historia hii ni kuuliza nini kinatangulia. Katika mali kauli, mali inatangulia na fedha inafuata. Mwenye duka la jumla anampa mchuuzi shehena kwa neno tu, naye analipa akishauza. Misafara mikubwa ya karne ya 19 iliendeshwa kwa ukopeshaji wa namna hiyo: Tippu Tip alipata bidhaa na fedha za safari zake kutoka kwa wafadhili wa Unguja, Taria Topan akiwa mashuhuri zaidi kati yao, na pembe za ndovu ndizo zilizorudi kulipa deni. Neno lenyewe ni la kutazamwa. Kauli ndiyo dhamana, na asiyetimiza kauli amevunja mkataba na heshima yake kwa pamoja. Mali kauli bado linatumika katika maduka ya Kariakoo na Karatu, na halina harufu mbaya.

Kinyume chake ni fedha kutangulia na mali kufuata. Hapo fiqhi ya Kiislamu ina mkataba wa salam, ambao unaruhusu kulipia leo mazao yatakayokabidhiwa baadaye, kwa masharti kwamba bei ilipwe yote papo hapo, na kwamba aina, kipimo na siku ya makabidhiano vijulikane. Dhana iliyo jirani ni ile ya arubuni (wengine husema arabuni au arbuni), yaani sehemu ya bei inayotangulizwa ili kushikilia mali. Ni jambo la kuvutia kwamba madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao, hayakubali arubuni inayopotea mnunuzi akighairi. Ni Hanbali walioiruhusu. Hata hivyo neno liliingia katika Kiswahili na likakaa, maana wafanyabiashara hawakungoja fatwa. Kwa sikio la msemaji wa leo, arubuni na kitenzi rubuni ni majirani wa karibu mno, na ujirani huo umelidhuru neno la kwanza.

Imebaki nafasi ya tatu: mali haipo na fedha haipo, ila pande mbili zimefungana leo kwa bei ya siku ijayo. Wanafiqhi waliiita biashara ya deni kwa deni na wakaikataza. Katika Kiswahili cha kale nafasi hii iko tupu. Mkataba wa baadaye wa Chicago unaanzia hapo hapo. Kwa hiyo pengo tunaloliona katika kamusi zetu si la usahaulifu wa watunga kamusi. Lilichorwa na sheria ya dini iliyowalea wafanyabiashara wa mwambao, na mtunga istilahi anayelijaza leo anapaswa kujua kwamba anajenga juu ya kiwanja kilichoachwa wazi kwa makusudi.

Ulanguzi: neno linalohukumu

Bara, historia ilichukua njia nyingine. Baada ya uhuru, ununuzi wa nafaka uliwekwa mikononi mwa vyombo vya umma, na kufikia miaka ya 1970 Shirika la Usagaji la Taifa ndilo lililokuwa mnunuzi halali wa mahindi kwa bei moja ya nchi nzima. Pale ambapo bei ni moja mwaka mzima, kununua leo ili uuze kesho hakuna maana ila kwa anayetoka nje ya mfumo. Ndipo kitenzi langua na nomino zake ulanguzi na mlanguzi vilipopata uzito vilionao. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa mwaka 1983, na sheria ya uhujumu uchumi ikapitishwa mwaka huo huo, mlanguzi alisimama kizimbani pamoja na mhujumu uchumi. Gunia la mahindi lililohifadhiwa nyumbani kusubiri bei ipande lilikuwa ushahidi.

Maana haikuishia hapo. Nchini Kenya ulanguzi umehamia kwenye biashara haramu yenyewe: walanguzi wa mihadarati, ulanguzi wa binadamu. Kwa hiyo mfasiri anayetaka neno la mtu anayenunua kwa kutarajia bei kupanda, akachagua mlanguzi, atakuwa amemtia pingu kabla ya kumweleza. Akichagua mbahatishaji atakuwa amemketisha meza moja na mcheza kamari. Akichagua mwekezaji atakuwa amemvika koti ambalo hakulishonewa, kwa kuwa mtu anayeshika mkataba kwa dakika 10 hajawekeza chochote mahali popote. Nadhani mbahatishaji ndilo lenye ukweli mwingi zaidi, ingawa najua wenye masoko hawatalipenda.

Maneno ya kimahalia nayo yameonja hatima hiyo hiyo. Mkoani Kagera, kuuza kahawa ingali mtini huitwa butura, na serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Katika mikoa ya kusini, kununua korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa mkulima mwenye dhiki, huitwa kangomba. Kwa muundo, butura haiko mbali na salam: fedha leo, mazao kesho. Tofauti ni kwamba masharti ya salam kuhusu kipimo na bei yaliwekwa ili kumlinda mwenye mazao, na butura haina masharti hayo. Lakini magazeti yanapoandika butura hayatofautishi kati ya mkataba na unyonyaji uliomo ndani yake. Karibu neno lote limekuwa jina la kosa. Kwa upande mwingine, kilimo cha mkataba, ambacho nacho huanza kwa mkulima kupewa pembejeo kabla ya mavuno, kimebaki neno safi la semina na miradi.

Gunia na mkataba sanifu

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu Karatu inatufundisha jambo ambalo kamusi haitufundishi.

Bonde la Eyasi, hasa Mang'ola, hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi, na vitunguu hivyo hufika Arusha, Dar es Salaam na Kenya. Kila aliyewahi kusimama kando ya lori huko anajua lumbesa: gunia lililojazwa hadi juu ya mdomo wake, likashonewa kilemba cha wavu, na kuhesabiwa kuwa gunia moja. Wakala wa Vipimo hukataza, na dalali huendelea. Katika lumbesa bei inaweza kubaki pale pale huku mali ikiongezeka, hivyo bei inayotajwa haielezi chochote mpaka ulione gunia.

Sasa tulinganishe na Chicago. Bodi ya Biashara ya jiji hilo ilianzishwa mwaka 1848. William Cronon, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu jiji hilo na nyika zake, ameonyesha kwamba badiliko kubwa lilitokea nafaka ilipoacha kusafirishwa katika magunia yenye jina la mkulima, ikaanza kumiminwa katika maghala marefu ambamo ngano ya mtu mmoja ilichanganyika na ya mwingine wa daraja hilo hilo. Mkulima alipewa stakabadhi. Stakabadhi ikawa inauzwa, ikauzwa tena, na mwishowe ahadi ya stakabadhi ya mwezi ujao ikauzwa bila mtu kuiona ngano. Kanuni za mwaka 1865 zikaufanya mkataba wenyewe uwe sanifu: kiasi kile kile, daraja lile lile, mwezi ule ule. Kinachobaki cha kupatanwa ni bei tu.

Kwa hiyo kifo cha gunia ndicho kilichotangulia kuzaliwa kwa mkataba wa baadaye. Lumbesa ni uthibitisho kwamba huko Karatu gunia bado li hai. Na hapo tunaelewa kwa nini istilahi iliyofanikiwa kuliko zote katika eneo hili ni stakabadhi ghalani, iliyopewa nguvu na Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 na kutumika kwa korosho kuanzia msimu wa 2007/08. Istilahi hiyo ina asili njema. Stakabadhi na kabidhi ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, q-b-ḍ, wenye maana ya kushika mkononi, na katika sheria ya mauzo ya Kiislamu kushika huko ndiko kunakokamilisha biashara. Anayesema stakabadhi, hata asipojua, anasema kwamba mali imeshikwa mahali fulani na mtu fulani. Sheria ya Masoko ya Bidhaa ilifuata mwaka 2015, na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, limekuwa likiuza ufuta, korosho, dengu na mbaazi kwa minada ya kidijitali. Lakini huo ni mnada wa mali iliyokwisha kufika ghalani. Bei ya kesho bado haiuzwi hapo.

Bei itokayo mbali

Ukosefu wa soko la bei za baadaye Karatu hauna maana kwamba Karatu haitawaliwi na masoko hayo. Miteremko ya Oldeani ilipandwa kahawa na walowezi, wengi wao Wajerumani waliorejea Tanganyika baada ya kuruhusiwa tena mwaka 1925. Kahawa ya Arabika ya Tanzania iuzwayo kwenye mnada wa Moshi hupimwa kwa bei ya soko la New York, ambako soko la kahawa lilifunguliwa mwaka 1882. Mzabuni hufikiri kwa nyongeza au pungufu juu ya bei hiyo. Vibarua wanaochuma kahawa Oldeani huiita bei ya soko la dunia. Ni tafsiri yenye busara na yenye kupotosha kwa wakati mmoja, kwa kuwa hiyo dunia ina anwani ya mtaa.

Mbaazi ni mfano mkali zaidi. Zao hili hulimwa Karatu kwa ajili ya India kuliko kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, na bei ikaporomoka kaskazini mwa Tanzania mavuno yakiwa mikononi mwa wakulima. Nyuma yake kuna jambo lisilojulikana sana: Januari 2007 serikali ya India ilikuwa imesimamisha biashara ya mikataba ya baadaye ya mbaazi kwa hofu ya kupanda kwa bei za chakula. Hivyo mkulima wa Karatu, hata kama angekuwa na simu, mtaji na elimu yote, hakuwa na bei ya baadaye ya mbaazi ya kuitazama katika nchi inayozila.

Kwa Ngorongoro mambo yana sura nyingine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa mahali pa wanyamapori na wafugaji kwa pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Kila mara marufuku iliporudi, familia ya wafugaji ililazimika kuuza mbuzi au ndama mnadani ili inunue mahindi, na mengi yalitoka mashamba ya upande wa Karatu. Katika mwaka wa ukame mifugo hushuka bei wiki ile ile mahindi yanapopanda. Mtaalamu wa masoko angesema familia hiyo imebeba hatari mbili bila kinga. Neno la Kiingereza la kujikinga na bei, kwa asili yake, ni ua wa mimea unaozunguka shamba. Mmaasai aliyezungushia boma lake miiba angeipata sitiari hiyo bila mkalimani. Kinga ya bei basi ni istilahi inayotosha, na sioni sababu ya kuitafutia nyingine.

Fahirisi: mali isiyokabidhiwa

Mwaka 1982 mambo mawili yalitokea Marekani. Februari, soko la Kansas City lilianza kuuza mikataba ya baadaye ya fahirisi ya hisa; Aprili, soko la Chicago likafuata kwa fahirisi ya S&P 500. Kwa mara ya kwanza kilichouzwa kilikuwa wastani wa bei za kampuni nyingi, kitu kisichoweza kuwekwa ghalani. Siku mkataba unapofikia mwisho hakuna anayekabidhi chochote. Hesabu hufungwa kwa fedha. Afrika Mashariki ilifika hapo Julai 2019, Soko la Hisa la Nairobi lilipozindua NEXT, soko lililoanza na mikataba ya fahirisi ya NSE 25 na ya hisa za kampuni mojamoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 1996 na kuanza mauzo mwaka 1998, nalo lina fahirisi zake.

Fahirisi yenyewe imesafiri. Ilianza katika Kiajemi, ikawa orodha ya vitabu katika Kiarabu, ikafika kwetu kwa sura mbili: faharasa ya nyuma ya kitabu na fahirisi ya bei inayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mgawanyo huo wa kazi umetulia vizuri, nasi tuuache. Tatizo linaanza tunapoendelea mbele. Mikataba ya baadaye inaeleweka. Mustakabali ungekuwa mzito. Waarabu wa leo wanaweza kutumia neno lenye asili ya ajal, muda uliowekwa wa deni. Kiswahili kilikwishaligeuza kuwa ajali, na mkataba wa ajali ungewakimbiza hata wenye bima. Kuhusu siku ya mwisho, hatifungani zimekwisha kutupatia kuiva, na mkulima haoni ajabu kwamba mkataba nao huiva.

Kiasi anachoweka kila upande kama thibitisho la kutimiza mkataba kinasumbua zaidi. Dhamana limechukuliwa na sheria za masoko ya mitaji kwa maana nyingine, na mahakamani lina maana ya tatu. Amana ni ya benki. Arubuni ni sehemu ya bei, tena hutolewa na mnunuzi peke yake, ilhali hapa mnunuzi na muuzaji wote hutoa. Napendekeza kishika mkataba, kwa mfano wa kishika uchumba: hakilipi mahari, hushikilia ahadi tu, na uchumba ukivunjika hugombewa. Kwa nguvu ya fedha kidogo kubeba mkataba mkubwa, fizikia ya shule ilikwisha kutupa wenzo. Mkataba mdogo wa S&P 500, ule wa mara 50, ukiwa na fahirisi ya 4,000 una thamani ya dola 200,000; anayeushika huweka sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Vijana wanaofanya biashara hii kwa simu, wengi wao si kwa mikataba halisi ya Chicago bali kwa bidhaa za madalali wa mtandaoni zinazofuata fahirisi hizo, husema kuunguza akaunti pale wenzo unapogeuka. Hakuna kamati ingeweza kubuni kitenzi bora zaidi.

Biashara ya kutwa

Kununua na kuuza ndani ya siku moja, bila kulaza mkataba, naona iitwe biashara ya kutwa, kama tunavyotofautisha shule ya kutwa na ya bweni. Pingamizi ni la saa. Kutwa linatokana na jua kuchwa, na soko la hisa la New York hufunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa za Karatu, au saa 11:30 majira yao ya baridi, likafungwa saa 5 au saa 6 usiku. Mfanyabiashara wetu wa kutwa huanza jua linapokaribia kuchwa. Hata hivyo siku inayohesabiwa ni ya soko, na wanafunzi wa shule za kutwa nao hurudi nyumbani jua likiwa bado juu.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mkataba wa bei ya baadaye ukifika mbele ya hakimu wa wilaya, neno la kwanza litakalobishaniwa ni makabidhiano. Mdai atasema alinunua na hakukabidhiwa. Mdaiwa atasema hapakuwa na cha kukabidhi, kulikuwa na hesabu ya kufunga. Kwa mzizi wa neno, mdai ana hoja. Kwa kifungu cha mkataba, mdaiwa. Istilahi ya pili, kufunga hesabu kwa fedha, bado haijaingia katika kamusi yoyote ya sheria niliyoitumia darasani, na mpaka itakapoingia, hakimu atalazimika kuamua kwa neno lililoundwa kwa ajili ya magunia.